Kura Nyingi, Viti Vichache: Somo la Uchaguzi wa Jimbo la Kerala

Safari hii twataka kueleza jinsi Bunge la jimbo linavyochaguliwa katika nchi ya India, na jinsi vyama vishindanavyo vinavyojipanga kabla ya siku ya kura kufika. Tumelichagua jimbo la Kerala kwa sababu mbili. Ya kwanza, pwani ya Kerala si ngeni kwetu. Ndiyo Malabari waliyoitaja mabaharia wa zamani, na Vasco da Gama alipotaka kuifikia bandari yake ya Calicut mwaka 1498, alichukua rubani katika mji wa Malindi, akavuka bahari kwa pepo za kusi. Sababu ya pili ndiyo kubwa. Hesabu za uchaguzi wa Kerala zina fumbo ambalo yampasa kulifahamu kila mtu apigaye kura au azihesabuye, nalo ni hili: chama chaweza kuongeza kura zake, na papo hapo kikapoteza nusu ya viti vyake. Tutaonyesha kwamba jambo hilo lilitokea kweli, tena bila wizi wala hila katika kuhesabu.

Kwanza na tuijue nchi yenyewe. India ni nchi kubwa yenye majimbo mengi, na kila jimbo lina Bunge lake, mbali na Bunge kuu lililoko Delhi. Mambo kama ardhi, kilimo, hospitali na polisi huwa mikononi mwa serikali ya jimbo. Kwa hiyo mkulima humwona mjumbe wa jimbo kuwa karibu naye zaidi kuliko yule wa Delhi. Kerala iliundwa tarehe 1 Novemba 1956, zilipounganishwa sehemu za watu wasemao Kimalayalam, yaani jimbo la Travancore-Cochin, ambalo zamani lilikuwa nchi za wafalme, na wilaya ya Malabar iliyokuwa chini ya Madras. Ni nchi nyembamba na ndefu, bahari iko magharibi na milima mashariki, na minazi imejaa tele. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 Wahindu walikuwa zaidi ya nusu, Waislamu zaidi ya robo, na Wakristo si mbali na moja kwa tano. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, maana ndiyo moja ya sababu za kuwa hakuna chama kimoja kiwezacho kuwakusanya watu wote chini ya bendera yake.

Bunge la Kerala lina viti 140. Nchi yote imegawanywa sehemu 140, na kila sehemu hutoa mjumbe mmoja tu. Viti 14 vimewekwa kwa ajili ya watu wa matabaka yaliyodharauliwa tangu zamani, na viwili kwa ajili ya makabila ya milimani. Mwenye kuweza kuwapata wajumbe 71 humwendea Gavana, naye humwita aunde serikali awe Waziri Mkuu wa jimbo. Wapiga kura ni watu wote, wanaume kwa wanawake, waliotimiza umri wa miaka 18. Hapo kwanza umri ulikuwa miaka 21, nao ulipunguzwa mwaka 1989.

Sasa twafika kwenye kanuni ambayo ndiyo kiini cha somo letu. Kiti hupewa yule aliyepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake. Sheria haimtaki awe na zaidi ya nusu ya kura zote. Yatosha awapite wengine, hata kwa kura moja. Mwalimu aweza kuiandika hesabu hii ubaoni. Tuseme sehemu moja ina wapiga kura 1,000, na watu watatu wagombea kiti. Wa kwanza apata kura 400, wa pili 350, wa tatu 250. Wa kwanza ndiye mjumbe, ingawa watu 600 hawakumtaka. Tuseme tena kwamba katika uchaguzi ufuatao vyama vya yule wa pili na yule wa tatu vimekaa pamoja, vikapatana kusimamisha mtu mmoja tu. Kura zao zikikusanyika ni 600 kwa 400, na yule wa kwanza ameanguka. Hapana mtu hata mmoja aliyebadili nia yake, wala wa kwanza hakupungukiwa na kura. Kilichobadilika ni mapatano ya wakubwa wa vyama, yaliyofanywa barazani kabla sanduku halijafunguliwa.

Hayo si maneno ya ubaoni tu. Uchaguzi wa kwanza wa Kerala ulifanywa mwaka 1957, na wakati huo viti vya kuchaguliwa vilikuwa 126. Chama cha Congress, ambacho kiliongoza India kupata uhuru, kilipata karibu kura 38 kwa kila 100. Chama cha Kikomunisti kilipata kura 35 kwa kila 100, yaani pungufu kuliko Congress. Lakini viti vilipohesabiwa, Wakomunisti walikuwa na 60, na Congress 43. Wajumbe watano wasio na chama wakawaunga mkono Wakomunisti, na tarehe 5 Aprili 1957 E. M. S. Namboodiripad akashika kazi ya Waziri Mkuu wa jimbo. Serikali yake ni miongoni mwa serikali za kwanza za Kikomunisti duniani kupata mamlaka kwa kura, bila vita.

Serikali hiyo ilileta sheria za kuwalinda wakulima wapangaji wasifukuzwe mashambani, na sheria ya kuzisimamia shule ambazo nyingi zilikuwa mali ya makanisa na ya vyama vya watu binafsi. Wenye mashamba na wenye shule wakakasirika, ghasia zikaenea, na watu wakauawa kwa risasi za polisi. Tarehe 31 Julai 1959 Rais wa India akaiondoa serikali ile kwa amri, ingawa ilikuwa bado ina wajumbe wengi Bungeni. Mpaka leo watu wa huko hubishana juu ya tendo hilo. Kwa maoni yetu, serikali iliyoletwa kwa hesabu ya kura ingeliachwa ingoje kuondolewa kwa hesabu ya kura. Na kwa kweli mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi iliyotoka jimbo jingine, iliyawekea mipaka mamlaka hayo ya kuziondoa serikali za majimbo, ikasema kwamba mahali pa kuipima nguvu ya serikali ni Bungeni.

Mwaka 1960 watu wakaitwa tena kupiga kura. Safari hii wapinzani wa Wakomunisti walikuwa wamejifunza hesabu. Congress, chama cha Praja Socialist na Muslim League walikubaliana wasigombane wenyewe kwa wenyewe, na kila sehemu isimamishe mtu mmoja. Na tazama yaliyotokea. Kura za Wakomunisti ziliongezeka kutoka 35 hata 39 kwa kila 100, nazo zilizidi hata kura za Congress peke yake, ambazo zilikuwa 34. Lakini viti vyao vilishuka kutoka 60 hata 29. Congress ilipata viti 63, Praja Socialist 20, Muslim League 11, jumla 94. Mtu aliyesoma idadi ya kura tu angelidhani Wakomunisti wameshinda, na aliyesoma idadi ya viti tu angelidhani wananchi wamewakimbia. Wote wawili wangelikosea.

Tukiwa hapo tutaje jambo moja lililozaliwa katika uchaguzi ule wa 1960. Kwa kuwa ghasia za mwaka uliotangulia zilikuwa hazijasahauliwa, wakubwa wa kazi huko Kerala waliwaita vyama vikubaliane juu ya adabu za kampeni: namna ya kufanya mikutano na maandamano, maneno ya kusemwa na yasiyofaa kusemwa. Baadaye Tume ya Uchaguzi ya India iliyachukua mapatano hayo ikayatumia nchi nzima, na hata sasa, mara Tume itangazapo siku za uchaguzi, serikali iliyopo yakatazwa kutangaza miradi mipya ya kuwavutia watu.

Mapatano ya vyama hayadumu kama ndoa ya kanisani. Mwaka 1964 Chama cha Kikomunisti kilipasuka vipande viwili, na katika mwaka huo huo watu wengine walitoka Congress wakaunda chama chao wenyewe, Kerala Congress. Uchaguzi wa 1965 ukawa ni wa kila mtu na njia yake. Bunge lilikuwa na viti 133; Wakomunisti wa kile kipande kikubwa, wajiitao wafuasi wa Marx, walipata 40, na wengi wa wajumbe hao walikuwa kizuizini siku walipochaguliwa; Congress walipata 36; waliobaki waligawana vilivyobaki. Hakuna aliyeweza kuwapata wajumbe wa kutosha kuunda serikali. Bunge lile likavunjwa bila kukutana hata siku moja, na Kerala ikatawaliwa kutoka Delhi hata mwaka 1967. Fikirini taabu ya watu waliosimama juani kupiga kura kwa ajili ya Bunge lisiloketi!

Mwaka 1967 somo lile la 1960 lilirudi, lakini sasa lilikuwa limegeuzwa kichwa chini. Wakomunisti wa vipande vyote viwili, Muslim League, na vyama vingine vinne vidogo walishikana mikono dhidi ya Congress. Congress ilipata karibu kura 35 kwa kila 100, idadi iliyozidi ya chama kingine chochote. Ikapata viti tisa tu. Wakomunisti wa Marx walipata kura zisizofika 24 kwa kila 100, wakapewa viti 52. Chama kilichokuwa kinara cha mapatano mwaka 1960 kilibaki peke yake mwaka 1967, nacho kililipa kwa bei ile ile iliyowapata wenzake. Twaona pia kwamba Muslim League walikuwa upande ulioshinda mara zote mbili, na huo ndio werevu wa chama kidogo: hakiwezi kuijenga nyumba, lakini kinaweza kuchagua ni nani apewe boriti.

Tangu miaka ya 1980 mambo yametulia katika miungano miwili mikubwa. Mmoja huitwa LDF, ni wa vyama vya mrengo wa kushoto, na mkubwa wake ni Wakomunisti wa Marx. Wa pili huitwa UDF, na mkubwa wake ni Congress, pamoja na Muslim League. Vyama vya Kerala Congress, ambavyo vimegawanyika mara nyingi hata kuvihesabu ni kazi, vimeonekana huku na huku. Kila chama kina alama yake, nazo ni msaada kwa wasiojua kusoma: Congress ni kiganja cha mkono, Wakomunisti wa Marx ni nyundo na mundu na nyota, wenzao wa kile kipande kingine ni masuke na mundu, Muslim League ni ngazi, na chama cha BJP ni ua la yungiyungi.

Kuanzia uchaguzi wa 1987 hata ule wa 2016, wapiga kura wa Kerala waliiondoa serikali iliyokuwapo kila mara walipoitwa. LDF iliingia mwaka 1987, UDF mwaka 1991, LDF mwaka 1996, UDF mwaka 2001, na kadhalika, kama watu wanaopokezana zamu ya kuteka maji kisimani. Mwaka 2011 UDF ilishinda kwa viti 72 dhidi ya 68, yaani mjumbe mmoja tu juu ya 71 wanaohitajiwa. Yako mambo mazuri katika desturi hiyo ya kupokezana, maana waziri ajuaye kwamba miaka mitano ijayo ataketi upande wa pili huwa na sababu ya kumheshimu aketiye huko sasa. Lakini ina hasara pia, kwa kuwa chama chaweza kungoja zamu yake tu bila kufanya kazi ya kuistahili.

Desturi ile ilivunjika mwaka 2021. Kura zilipigwa tarehe 6 Aprili na kuhesabiwa tarehe 2 Mei, na LDF, iliyokuwa ikitawala chini ya Pinarayi Vijayan, ilirudi na viti 99, UDF ikapata 41. Tukizitazama kura, LDF ilipata karibu 45 kwa kila 100, na UDF zaidi kidogo ya 39. Tofauti ya kura sita kwa mia ilizaa tofauti ya viti 58. Kabla ya uchaguzi, mwezi Oktoba 2020, kipande kimoja cha Kerala Congress kilichoongozwa na Jose K. Mani kilikuwa kimetoka UDF na kuingia LDF, nacho kikapata viti vitano. Mani mwenyewe alishindwa katika sehemu ya Pala, na aliyemshinda ni mtu aliyehama kutoka LDF kwenda UDF. Wapiga kura hawafungwi kamba na mapatano ya wakubwa, huyafuata yakiwapendeza.

Na BJP, chama kilichotawala Delhi tangu 2014? Huko Kerala kilipata kiti chake cha kwanza mwaka 2016, pale Nemom, akichaguliwa mzee O. Rajagopal. Mwaka 2021 kilikipoteza kiti hicho. Muungano wake ulipata karibu kura 12 kwa kila 100 katika jimbo zima, na Bungeni haukupata kiti hata kimoja, kwa sababu kura zake zilitawanyika kama mbegu zilizomwagwa njiani, bila kukusanyika mahali pamoja. Hata hivyo chama cha namna hiyo si cha kupuuzwa, kwa maana kura 12 zinaweza kuamua nani kati ya wale wawili wakubwa apate kiti, kwa kadiri zinavyotolewa upande huu au ule.

Kugawana sehemu ndani ya muungano ndiko kuliko na uchungu mwingi. Sehemu akipewa chama hiki, mtu wa chama rafiki aliyefanya kazi hapo miaka mingi huambiwa akae kando. Mwezi Machi 2021 Lathika Subhash, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wa Congress katika Kerala, alinyimwa nafasi ya kugombea Ettumanoor. Akaketi mbele ya ofisi ya chama mjini Thiruvananthapuram akanyolewa kichwa mbele ya watu wote, kisha akagombea peke yake bila chama. Hakupata kiti. Katika wajumbe 140 waliochaguliwa mwaka ule wanawake walikuwa 11 tu, katika jimbo lisifiwalo kwa elimu ya wanawake wake. Sisi twaona aibu ile haikuwa ya yule mama aliyenyolewa.

Yako pia mambo madogo yanayogeuza hesabu. Huko Kerala kuna mchezo wa kumtafuta mtu mwenye jina linalofanana na la mgombea mkubwa, akasimamishwa ili wapiga kura wachanganyikiwe. Katika uchaguzi wa Bunge kuu mwaka 2004, V. M. Sudheeran alishindwa katika sehemu ya Alappuzha kwa kura 1,009, na mtu mwingine aitwaye Sudheeran katika sehemu hiyo hiyo alipata zaidi ya kura 8,000. Siku hizi picha ya kila mgombea huwekwa kando ya jina lake. Na katika uchaguzi wa jimbo wa 2021 kiti cha Perinthalmanna kilipatikana kwa kura 38. Watu 38 wanaweza kuketi katika basi moja.

Kwa kuwa kura moja ina uzito huo, kuzihesabu kwa haki ni jambo kubwa. Kerala ndiko mashine za kupigia kura zilikojaribiwa mara ya kwanza katika India, mwaka 1982, katika vituo 50 vya sehemu ya Paravur. Sivan Pillai wa Chama cha Kikomunisti alishinda kwa kura 123. Aliyeshindwa, A. C. Jose wa Congress, alipeleka shauri mahakamani, akidai kwamba sheria ilitaja karatasi wala haikutaja mashine. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikamkubalia. Vituo vile 50 vikapiga kura upya kwa karatasi, na safari hii Jose akashinda. Sheria ilirekebishwa baadaye ndipo mashine zikaanza kutumika kwa halali. Siku hizi mpiga kura hupakwa wino usiofutika katika kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, hubonyeza kitufe kando ya alama aitakayo, kisha huona katika kioo kikaratasi chenye alama hiyo kwa muda wa sekunde saba kabla hakijaanguka ndani ya sanduku lililofungwa.

Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilipewa muda wa miaka mitano, yaani hata mwezi Mei 2026, kama ilivyo desturi ya mabunge yote ya majimbo ya India. Msomaji asomapo habari za uchaguzi wa Kerala, wowote ule, aanze kwa kuuliza ni nani amepatana na nani. Halafu azitazame kura kwa mia, na viti mwisho.

Mwalimu akipenda, awape wanafunzi hesabu hii. Sehemu tatu zina wapiga kura 1,000 kila moja. Chama cha Mnazi kimepata 450, 450 na 300. Chama cha Jembe 400, 400 na 200. Chama cha Ngalawa 150, 150 na 500. Nani amepata viti vingapi, na kura ngapi kwa mia? Kisha Jembe na Ngalawa wapatane katika sehemu mbili za kwanza, na hesabu ifanywe upya.